Tuta Langu na Tuta la Mdogo Wangu

Jumapili, 2 Juni

Jana mdogo wangu alifunga virago. Ameondoka na Fundi Friji, mume wake wa ndoa halali, na mimi nilikuwepo, nikapiga vigelegele kama wengine, kwa hiyo asije mtu akasema nina kinyongo. Kinyongo sina. Nina friji mbovu tu. Mwaka jana yule bwana aliitwa kuja kuitengeneza. Akarudi mara ya pili, akarudi tena na tena, kila mara akisema kuna kidude kimoja amekisahau, na friji haijapona mpaka leo. Alichokuwa anakishughulikia kilikuwa jikoni, kweli, lakini hakikuwa friji.

Tuliishi humu wawili tangu alipofiwa na mume wake wa kwanza. Mimi sikuwahi kuolewa. Nilikuwa na kazi yangu, maabara ya kiwanda cha sabuni, mpaka nikastaafu. Jioni tulikuwa tunakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma tunabishana mpaka mbu watufukuze. Leo nimekaa hapo peke yangu. Nimeona birika limeota tena ukoko mweupe, nikafungua mdomo nimwambie, hapakuwa na mtu. Ndiyo maana naandika humu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimemwagilia. Nilichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, nikainywa yote.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike vizuri habari ya matuta, maana ndiyo kazi niliyobakiwa nayo.

Uani tuna matuta mawili ya nyanya, moja langu na moja lake, yamelala sambamba kati ya kisima na ukuta wa jirani. Miche tuliihamisha kutoka kitaluni kabla tu ya harusi. Ugomvi wetu wa siku zote ni maji. Maji ya kisima chetu ni mazito, yana chokaa. Nikiyachovya kipimo changu, kile nilichopewa na wenzangu siku ya kuagwa kazini (wengine huagwa kwa saa ya ukutani), kinasoma 8.3. Hiyo ndiyo pH. Kwa asiyejua, saba ni katikati. Ukishuka chini ya saba unaelekea kwenye uchachu, huko kwa ndimu. Ukipanda unaelekea kwenye magadi, huko kwa sabuni. Nyanya hupenda uchachu kidogo, sita na nusu hivi. Sasa akili ya kawaida inasema nini? Tia siki kwenye ndoo, koroga, pima, yateremshe maji mpaka sita na nusu, ndipo umwagilie.

Mdogo wangu hakutaka hata kusikia. "Dada, huu ni udongo, si sufuria ya sabuni. Mwagilia uende zako." Na siku ile anaondoka, ameshavaa viatu vya harusi, alinivuta mpaka uani akaninyooshea kidole. "Langu usilitie siki. Nakujua. Langu lipe maji kama yalivyotoka kisimani." Nikamwahidi.

Haya basi. Langu litapata maji yaliyorekebishwa, lake litapata maji matupu. Nyanya zikiiva tutaona. Nataka aje asimame katikati ya haya matuta, ajionee, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, "Dada, ulikuwa sahihi." Akishasema hivyo, sijui itakuwaje. Labda atakaa kidogo, tutakunywa chai.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi 6.5. Jioni 6.4. Hakuna aliyekuja.

Jumapili, 16 Juni

Kaja! Alipobisha hodi nilikuwa nimeshika ndoo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Pita huku huku uani, usikae kwanza."

Nikampeleka moja kwa moja kwenye matuta, mkoba bado uko begani. Nikamsomea vipimo vyote tangu alipoondoka, siku moja baada ya nyingine. Akatazama langu, akatazama lake. "Mbona yanafanana?" Nikamwambia bado mapema, asubiri maua. Akaanza kunieleza jambo, kwamba huko kwao wanakaa ghorofani, na zile ngazi. Nikamwambia ngoja, nimalizie tarehe kumi na tatu, kuna kitu cha ajabu kilitokea, maji yalisoma 6.9 ingawa siki ilikuwa ileile. Akasikiliza mpaka mwisho. Alikunywa chai amesimama, akasema jua linazama.

Nimefurahi sana. Tulikuwa na mazungumzo mazuri.

Jumapili, 23 Juni

Hakuja. Mumewe ana kazi.

Jumapili, 30 Juni

Hakuja. Nikapiga simu, nikamsomea vipimo vya wiki nzima. Alisema "eeh" na "haya" na "vizuri dada." Halafu akasema salio lake linaisha. Ajabu ni kwamba aliyepiga ni mimi.

Ijumaa, 5 Julai

Majani ya chini ya tuta langu yameanza kugeuka manjano. Nimeyageuza, nimetafuta wadudu, hakuna. Lake ni kijani tupu, limetulia kama maji mtungini.

Nimefikiri mchana kutwa. Maji bado hayajachachuka vya kutosha, hilo ndilo jibu. Chokaa ya kisima inang'ang'ania. Kuanzia kesho nitashusha mpaka sita kamili, na nitamwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Ndoo nikishaikoroga na kuipima siwezi kuiacha ilale, itapanda tena. Lazima yote iende shambani.

Jumanne, 9 Julai

Asubuhi 6.0. Jioni 6.0. Manjano yamepanda jani moja juu.

Jumapili, 14 Julai

Amepiga yeye. Nikamweleza manjano yote, jani kwa jani. Akasema, "Dada, si uje wewe huku siku moja? Kuna chumba. Kitanda nimetandika."

"Nani atamwagilia?"

"Mwambie jirani."

"Jirani hajui kupima."

"Kwani lazima apime?"

Nikamwambia tusianze hayo. Akasema haya. Tukaagana vizuri tu. Baadaye nikawa nazunguka nyumbani nafuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

Alhamisi, 18 Julai

Leo nilisema "sita nukta moja" kwa sauti, na jirani upande wa pili wa ukuta akaitika, "Naam?" Nikanyamaza kimya nisijulikane.

Jumamosi, 20 Julai

Huyu jirani yangu ni mshonaji. Cherehani yake inalia kutwa nzima, na ikinyamaza ujue amepanda juu ya kibao anachungulia. Leo kachungulia.

"Jirani, hizo za upande huu zinaumwa nini? Za upande ule mbona zimenona?"

Nikamwambia ashughulike na viraka vyake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema, "Mimi nauliza tu, maana nakuona uko hapo kila saa."

Nimepima leo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nakiri. Nikikamata ndoo ninajua la kufanya: nachota, natia kijiko, nakoroga, nasubiri namba itulie. Namba ikitulia na mimi natulia. Nikishaweka ndoo chini nyumba inaanza kuwa kubwa. Vyumba viwili na sebule, nilikuwa nalalamika kwamba tunabanana. Sasa nakaa sebuleni nasikia bomba la jikoni likidondosha matone. Ni upweke, sina jina lingine la kuupa. Sikujua kama na mimi naweza kuwa mpweke. Nilidhani ni jambo la watu wenye muda.

Jumapili, 28 Julai

Hakuja wala hakupiga. Tuta lake limejaa maua.

Jumatano, 31 Julai

Amepiga! Jumapili watakuja, yeye na mumewe, kula mchana. Alisema mwenyewe bila mimi kuuliza.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimefua mapazia. Nimemwomba jirani kiti kimoja. Alinipa viwili.

Jumapili, 4 Agosti

Nitaandika yote, hata nisiyopenda kuyaandika.

Nilipika tangu asubuhi. Nilitandika meza kwa watu watatu, nikaweka zile sahani zenye maua ambazo mdogo wangu anazipenda. Nilikuwa nimejipanga kabisa: wale kwanza, washibe, ndipo niwapeleke uani. Nilikuwa hata tayari kucheka na Fundi Friji. Nilikuwa nimetayarisha mzaha kuhusu kidude alichokisahau.

Jua lilipokuwa juu kabisa ulikuja ujumbe kwenye simu. "Dada samahani sana, leo hatutaweza. Wiki nyingine Mungu akipenda."

Nikakaa. Sikuonja chakula. Baadaye niliosha zile sahani, zote tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa na uchafu. Nikatoka uani.

Tuta langu lilikuwa limenyong'onyea, manjano mpaka katikati. Lake limesimama, maua juu, vinyanya vya kijani chini, utadhani kuna mtu analisemesha. Sijawahi kulitia kitu. Maji ya kisima tu, mara moja moja, tena nikikumbuka. Nikalitazama, nikalisogelea. Nikasema kwa sauti, "Wewe hujali chochote, eti?" Nilikuwa naziambia nyanya. Au nilikuwa namwambia mtu mwingine, mnajua nani.

Nikaingia jikoni nikachukua chupa ya siki, ile mpya. Nikaimimina yote kwenye ndoo, nikaongeza maji nusu, sikupima. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kumwaga kitu bila kupima. Nikatembea na ndoo kutoka mwanzo wa tuta lake mpaka mwisho, nikamimina kwenye shina la kila mche. Harufu ikanipanda puani mpaka macho yakatoa machozi.

Kisha nikaona nilichofanya. Nikakimbilia kisimani nipate maji safi nisuuze, nikarudi mbio nimelowa mpaka magotini, nikakuta udongo umeshakunywa. Juu pamekauka. Hakuna cha kusuuza.

Nilimwahidi. Alikuwa amevaa viatu vya harusi na nilimwahidi.

Nililia pale kwenye kizingiti, na cherehani ya jirani ikanyamaza, na nikamshukuru Mungu kwamba leo hakupanda juu ya kibao.

Jumatatu, 5 Agosti

Halijafa.

Jumanne, 6 Agosti

Halijafa. Langu hata kulitazama sikulitazama.

Jumatano, 7 Agosti

Mdogo wangu amepiga simu. Sikupokea. Ningemwambia nini?

Ijumaa, 9 Agosti

Ua moja limeanguka kwenye tuta lake. Roho ikanisuta, nikasema haya, ndiyo imeanza. Nikainama kutafuta lilikotoka, nikakuta pale kwenye kikonyo kuna kinyanya kidogo kama punje ya mahindi. Ua lilikuwa limemaliza kazi yake tu.

Jumanne, 13 Agosti

Siwezi tena. Nimekwenda ofisi ya kilimo nikasema nyanya zangu zina manjano. Habari ya siki sikuitaja. Watamtuma bibi shamba.

Alhamisi, 15 Agosti

Bibi shamba amekuja asubuhi, na pikipiki, ameshika kofia ya chuma kwapani. Ni msichana ambaye ningeweza kumzaa mara mbili, ningekuwa na wa kuzaa naye. "Shikamoo mama," akasema, na macho yake yalikuwa yameshafika kwenye matuta kabla sijaitikia.

Nilimpa maelezo kama ninavyotoa ripoti ya maabara. Maji ya kisima 8.3. Tuta hili linapata maji ya 6.0 kwa kutumia siki. Tuta lile linapata maji ya kisima tu. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Na udongo wenyewe unasoma ngapi?"

Udongo sikuupima. Kiwandani tulikuwa tunapima kinachoingia kwenye sufuria, kwa sababu sufuria haina maoni yake. Ukitia hiki kinatoka kile. Msimu mzima nimepima ndoo. Kipimo changu hakijawahi kugusa ardhi.

Akachimba kidogo kila tuta, akachanganya udongo na maji safi kwenye vikombe viwili, akangoja utuame. Tulipokuwa tunangoja nikamwambia. Sijui kwa nini yeye, labda kwa sababu hanijui. Nikamwambia lile tuta la pili nilimwagia chupa nzima ya siki, kwa hasira.

"Hasira ya nyanya?" akauliza.

"Ya mtu."

Hakucheka. Akachovya kipimo kwenye kikombe cha kwanza, cha tuta langu. 7.1. Akasuuza, akachovya kwenye cha pili. 7.1. Nikamwomba arudie. Akarudia. Ni ileile.

"Mama, udongo unatafuna," akasema. "Ukiuletea uchachu unautafuna, ukiuletea magadi unayatafuna, unabaki ulivyo. Huu wenu una mboji nyingi na chokaa ya kutosha. Ndoo zako zote hizi haujazihisi. Kama ungekuwa unapanda kwenye maji matupu, bila udongo, hapo ningekwambia pima kutwa. Kwenye udongo wa namna hii, acha maji yalivyo. Kisima chako kina chokaa, sawa, itakusumbua kidogo kidogo kwa miaka mingi. Rudisha mboji kila msimu, basi."

"Sasa manjano ni ya nini?"

Akazamisha kidole kwenye tuta langu, kikaingia chote bila kazi, kikatoka na tope. Akazamisha kwenye la mdogo wangu, kikaishia kwenye kiungo cha kwanza.

"Unamwagilia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa nini, mama? Mizizi haipumui. Umeizamisha."

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini jibu la safari hii halikuwa la namba. Jibu ni kwamba nikimwagilia nina shughuli na kiumbe hai. Ndiyo hilo tu. Ningeweza kumwambia lakini alikuwa ameshavaa kofia yake.

Ijumaa, 16 Agosti

Sikumwagilia langu. Nilikaa nimekalia mikono yangu isishike ndoo.

Jumatatu, 19 Agosti

Sikumwagilia. Siku ni ndefu mno. Nimerudisha viti kwa jirani, akanikaribisha ndani, nikaingia. Kumbe chumba chake ni hicho kimoja, cherehani na kitanda. Hana mtu. Nilikuwa nadhani anachungulia kwa umbea.

Jumapili, 25 Agosti

Majani mapya ya tuta langu yanatoka kijani. Machache, lakini ni kijani. Tuta la mdogo wangu limeiva. Nyanya ni nyekundu, nzito mpaka zinavunja vijiti vya kuzishikilia. Nimechuma beseni zima, nikala moja nimesimama, tamu. Beseni likabaki mezani. Nimempa jirani nusu. Nusu iliyobaki siwezi kuimaliza, na kila nikiipita naona ni ya mtu.

Nimekuwa nikijiambia kwamba yeye ndiye aliyenipa kisogo. Leo nimefungua kurasa za nyuma humu nikasoma siku aliyokuja, ile ya mwezi wa sita. Nimetafuta mahali nilipomuuliza habari zake. Sikupaona.

Jumapili, 1 Septemba

Nimepiga simu mchana, baada ya kupiga moyo konde tangu asubuhi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Ngapi leo?"

Alisema hivyo hivyo, "ngapi leo," kama mtu anayekinga sahani mbele ya chakula asichokipenda.

"Sijapima."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sikiliza. Nilimwaga siki kwenye tuta lako. Chupa nzima."

"Nini?"

"Nilikuahidi, na nikamwaga."

"Lini?"

"Ile Jumapili ambayo hamkuja."

"Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu hamkuja."

Nikasikia sauti, nikadhani anacheka. Kweli alikuwa anacheka, kisha ikawa siyo kicheko tena, nikasikia anavuta kamasi, na mumewe kwa mbali anauliza kuna nini, naye akamwambia hakuna kitu, ni dada.

"Kumbe ulikasirika," akasema.

"Nilikasirika sana. Nilitaka kuling'oa kabisa."

"Mimi nilidhani hata hujali."

"Mimi?"

"Wewe. Nilikuja pale, dada, nimetoka kwenye nyumba ngeni na mume mgeni, nina mambo yamenijaa mpaka hapa. Hukuniuliza hata nimelalaje. Ukanisimamisha kwenye matuta ukanisomea namba. Nikipiga simu, namba. Ukipiga wewe, namba. Nikasema basi, dada yangu yuko sawa, ana kipimo chake, mimi nilikuwa namsumbua tu pale nyumbani. Jumapili ile tulikuwa tumeshavaa. Tumefika ngazi ya chini. Nikamwambia shemeji yako turudi, siwezi kwenda kupimwa."

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Sasa sema," akasema.

"Niseme nini?"

"Unajua."

Ningeweza kumwambia kuhusu vikombe viwili vya udongo na namba iliyokuwa ileile. Ilikuwa imeshanifika ulimini. Nikaimeza.

"Nimekukumbuka," nikasema. "Nakukumbuka mpaka naongea na ukuta. Nikiona kitu nageuka nikuambie. Namwagilia ili siku iishe. Nimezamisha nyanya zangu zote kwa ajili hiyo."

Akalia tena kidogo. Kisha akasema kwa sauti iliyonyooka, na namshukuru kwa kuisema, "Mimi sirudi, dada. Nataka ujue. Nina raha huku. Nakukumbuka kila siku na nina raha, vyote viwili."

"Najua."

"Unajua kweli?"

"Sasa najua."

"Na tuta langu? Limekufa?"

"Limejaa nyanya. Udongo umetafuna siki yote."

"Nilikwambia!"

"Ulikuwa sahihi."

Akapiga ukelele akamwambia mumewe, "Kasema niko sahihi! Andika tarehe!" Na mimi nikacheka mpaka jirani akapanda juu ya kibao kuangalia nimepatwa na nini. Nikamwashiria kwamba ni simu, ni mdogo wangu. Akatingisha kichwa akashuka.

"Njoo," mdogo wangu akasema. "Lakini uje wewe, usilete kipimo."

Jumatano, 4 Septemba

Nimefua nguo mbili za kusafiria. Nimemwonyesha jirani kisima na ndoo. Ameniuliza anitilie nini kwenye maji. Nikamwambia maji tu, na kidole kikiingia kwenye tope asimwagilie.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika nikiwa kwa mdogo wangu. Nimelala huku tangu juzi.

Zile ngazi zilinitoa jasho. Alifungua mlango kabla sijabisha, alikuwa amenisikia nikihema kwenye ngazi. Akanitazama mikononi, akaona beseni la nyanya na mfuko wa nguo, akatazama kama kuna kingine. Hakuna. Tukakaa. Fundi Friji alikuwa ametoka, yuko kazini kwa watu. Nikamuuliza analalaje huku. Nikamuuliza jua linaingia upande gani, jirani wa chini ni nani, mumewe anarudi saa ngapi, na akichelewa yeye anafanya nini. Mwanzoni alijibu kifupi, ananitazama kwa pembeni. Kisha akaanza kuongea kwelikweli, na akishaanza huyu hakuna wa kumkatiza. Katikati ya maneno akakumbuka kwamba mgeni hajapewa hata maji, akanyanyuka mbio, akanijazia bilauri kwenye bomba lao. Nikayanywa yote bila kuyauliza namba, nikamrudishia bilauri, nikamwambia aendelee.